Jalaram Bapa na Jiko la Virpur

Majirani zetu huuliza mara kwa mara ni nani yule mzee mwenye kilemba na fimbo, ambaye picha yake imetundikwa katika maduka yetu. Ndiye Jalaram Bapa, aliyezaliwa Virpur, Gujarat, mwaka 1799, katika jamii ya Walohana, watu wa biashara kama wengi wetu.

Ujanani alihudumu katika duka la ami yake Valji, lakini masadhu na mahujaji waliopita hapo hawakuondoka mikono mitupu. Sisi wenye maduka twajua jinsi ami alivyokosa usingizi.

Akiisha kupata baraka za guru wake, Bhojalram wa Fatehpur, yeye na mkewe Virbai walikwenda kuvuna mashamba ya watu kwa ujira wa nafaka. Kwa nafaka hiyo walianzisha sadavrat mnamo 1820, yaani chakula cha bure kwa kila ajaye, asiulizwe dini wala tabaka. Yasimuliwa kwamba ghala ilipopungua, Virbai alivua vito vyake vikauzwa. Kwa maoni yetu, mama huyu hatajwi inavyostahili. Jiko lilikuwa lake pia, na moshi wake aliuvuta yeye.

Njaa kuu ya 1878 ilipoingia, wenye njaa waliendelea kulishwa Virpur. Bapa alifariki mwaka 1881, ila meko hayakuzimwa. Tangu mwaka 2000 hekalu la huko halipokei mchango wowote, na kila mgeni aingiaye hupewa chakula.