Sidi Mubarak Bombay, Kiongozi wa Wasafiri

Wengi wetu tumesoma darasani habari za Burton, Speke, Stanley na Cameron. Wageni hao walikuja kutafuta maarifa ya nchi wasiyoijua, kama mwanafunzi apelekwaye ng'ambo kufanya utafiti: siku ya kwanza hajui njia, hajui lugha, wala hajui maji yako wapi. Mimi, mwenyeji wa Manyoni, napenda kuwaeleza wasomaji maisha ya mtu aliyesafiri nao wote wanne, Sidi Mubarak Bombay.

Bombay alikuwa Myao, akazaliwa yapata mwaka 1820. Alipokuwa mtoto wa miaka kama 12 kijiji chao kilivamiwa, akatekwa, akapelekwa Kilwa, kisha akauzwa katika soko la watumwa la Unguja. Bwana wake alimchukua mpaka Bara Hindi, na huko ndiko lilikotoka jina lake. Bwana huyo alipokufa, Bombay akawa huru, akarudi Unguja na kuingia uaskari wa Sultani.

Mwezi wa Februari 1857 Burton na Speke walimkuta katika ngome ya Chogwe, karibu na Pangani. Speke hakujua Kiswahili, lakini alijua Kihindustani, na Bombay alikijua pia, basi wakaelewana. Mwaka ule ule walishika njia ya bara, na Februari 1858 wakafika Ujiji. Agosti 1858 Bombay alikuwa pamoja na Speke alipoliona ziwa lile alilolipa jina la Malkia Victoria.

Njia ya misafara ilipita katika mkoa wetu, katika pori la Mgunda Mkali, upande wa Manyoni na Itigi wa leo. Lilikuwa pori la vichaka vya kusongamana na maji haba, na wapagazi waliliogopa sana. Katika safari ya pili, Januari 1861, Speke alikwama porini humo, mahali paitwapo Jiwe la Mkoa. Wapagazi wengi walikuwa wamekwisha toroka, njaa imeingia nchini, na mizigo haina wa kuichukua. Ndipo alipomtuma Bombay kwenda Kazeh, yaani Tabora, kuomba msaada kwa mfanyabiashara Musa. Bombay naye angeweza kutoroka kama wenzake. Lakini alirudi, na watu 70 pamoja naye, na safari ikaendelea hata wakaufuata Mto Nile mpaka Misri.

Mwaka 1871 alikwenda na Stanley kumtafuta Livingstone. Kisha akafuatana na Cameron, toka mwaka 1873 hadi 1875, kutoka Bagamoyo mpaka pwani ya Bahari ya Atlantiki. Hivyo alivuka Afrika nzima kwa miguu. Chama cha Jiografia cha London kilimpa medali ya fedha na pensheni ya pauni 15 kwa mwaka. Alifariki Oktoba 1885.

Bombay hakuandika kitabu. Karibu yote tuyajuayo juu yake yameandikwa na wale aliowaongoza, nao mara humsifu, mara humlaumu. Baadhi yetu shuleni hapa tutakwenda siku moja kusoma katika nchi za watu. Yule atakayetuonyesha njia siku ya kwanza, tuulize jina lake, tukaliandike mapema katika daftari zetu.