Gregory, Bonde la Ufa na mizigo iliyotoka Mombasa

Usiku wa Agosti 12, 2020, muda mfupi baada ya Isha, nilikuwa nimekaa barazani na majirani zangu hapa Mombasa. Ghafla kahawa ikacheza ndani ya vikombe, na taa ya dari ikawa inapembea na upepo hakuna. Mzee mmoja akaleta shahada. Vijana wakatoka mbio hadi njiani. Ilikuwa muda mchache tu, kukatulia. Baadaye tukapata habari kuwa ni tetemeko la nguvu ya karibu 6, na kitovu chake kilikuwa baharini, kusini-mashariki ya Dar es Salaam.

Kijana mmoja akaniuliza vipi ardhi ya huku itikisike, ilhali mambo hayo ni ya Nakuru na Naivasha. Sikuwa na jibu. Ndipo nikaanza kusoma, na kila nilikopita nikawa nakutana na jina moja: John Walter Gregory. Nilidhani ni habari ya bara. Kumbe yaanzia hapa hapa kwetu.

Gregory alizaliwa London mwaka 1864, mtoto wa mfanyabiashara wa sufu. Akiwa na miaka 15 aliacha shule akawa karani katika minada ya sufu. Mchana alifanya kazi, usiku akaenda darasani. Alipenda mawe na habari za ardhi, na kwa kusoma hivyo hivyo usiku alipata kazi katika jumba la makumbusho la London mwaka 1887.

Wakati huo wataalamu wa Ulaya walikuwa wakijiuliza kuhusu bonde refu la Afrika Mashariki. Mtaalamu wa Austria, Eduard Suess, alikuwa amesoma ripoti za wasafiri, na mwaka 1891 akasema kuwa bonde hilo halikuchimbwa na mito bali ardhi ilipasuka. Lakini Suess hakuwahi kufika. Alihitajika mtu wa kwenda kuona.

Gregory alikuja mwaka 1892 akiwa ndani ya msafara wa watu wengine. Msafara ule ulivunjika kabla ya kufika mbali. Mwingine angerudi kwao. Yeye alikusanya watu wapatao 40, wapagazi Waswahili, na Machi 1893 akatoka Mombasa kwa miguu. Reli haikuwapo, ilianza kujengwa mwaka 1896. Walivuka nyika ya Taru iliyo kavu, wakapita Ukambani na Ukikuyu, wakateremka bondeni hadi Naivasha na Baringo. Kisha wakapanda Laikipia na kuukabili Mlima Kenya.

Huko mlimani kuna kisa kinachonichekesha na kunihuzunisha kwa pamoja. Wapagazi waliamka asubuhi wakakuta maji ya sufuriani yamekuwa meupe na hayatikisiki. Wakaamini yamerogwa. Ni watu wa bahari, barafu wangeijulia wapi? Waliletwa kwenye baridi ile na nguo za pwani, na bado mizigo ilikuwa mabegani mwao. Gregory aliendelea kupanda, akafika kwenye barafu ya mlima, na sehemu moja ya barafu hiyo ikapewa jina lake.

Kazi yake kubwa lakini ilikuwa kule bondeni. Alitazama kuta mbili za bonde na kuzilinganisha tabaka kwa tabaka. Lau mto ndio uliochimba, ungeacha dalili zake. Alichokikuta ni nyufa ndefu zilizokwenda sambamba, na sakafu iliyotumbukia katikati yake. Alieleza kuwa ardhi iliinuka kama tao la mlango, ikavutika, kisha jiwe la katikati likadidimia. Mwaka 1896 alitoa kitabu, na jina alilolipa bonde likaenea dunia nzima. Kwa Kiswahili twaita Bonde la Ufa, na kwangu mimi neno letu lapita la kwao, maana ufa kila mtu aujua, hata mtoto aliyelala akiutazama ukutani.

Baadaye alifundisha Melbourne, kisha Glasgow kwa miaka 25 hadi 1929. Mwaka 1919 alirudi Kenya, na huko Olorgesailie akaona zana za mawe za watu wa kale, mahali ambapo leo ni makumbusho.

Sitaki kumpamba. Mwaka 1925 Gregory aliandika kitabu kuhusu rangi za watu, akitetea kuwa weupe na weusi watengwe. Nilipolijua hilo niliweka kalamu chini. Mtu aliyevuka nyika kwa nguvu za watu weusi, aliyekula chakula walichopika na kulala wao wakimlinda, aliwezaje kufika huko? Elimu yake haikumponya na maradhi hayo, na ni haki tuseme wazi.

Hata katika elimu yenyewe alikosea. Hakukubali kuwa mabara husogea. Leo vipimo vya satelaiti vyaonyesha kuwa upande wa mashariki wa Afrika watengana na upande wa magharibi kwa milimita chache kila mwaka. Aliyetueleza ufa hakukubali safari ya ardhi iliyoupasua.

Lakini kwamba ufa ule ungali hai, hilo lilidhihiri angali yuko hai yeye mwenyewe. Januari 6, 1928, tetemeko la nguvu ya 6.9 lilipiga Subukia, na ardhi ikapasuka juu ya uso wake. Ndilo kubwa kuliko yote yaliyopimwa Kenya. Naye aliendelea kuyafuata matetemeko hadi mwisho. Mwaka 1932, akiwa na miaka 68, alikwenda Peru kuchunguza volkano na matetemeko ya milima ya Andes. Juni 2, mtumbwi wake ulipinduka katika mto Urubamba, akazama.

Sasa namrudia yule kijana wa barazani. Jibu ni kwamba ufa haukuishia Nakuru. Una matawi, na mengine yamepita chini ya bahari hii tunayovua samaki. Tetemeko la 2020 halikutuangushia nyumba, alhamdulillahi. Lakini tazameni tunavyojenga. Ghorofa zapanda juu ya misingi iliyokusudiwa nyumba ya chini. Nondo zapunguzwa, mchanga wazidi saruji, na mwenye nyumba akikuta ufa ukutani aita fundi apake rangi. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Gregory hakuna wa kuuziba. Huu wa kwetu tunaweza, na tukiuacha hatutakuwa na udhuru.

Na lipo deni jingine. Jina la Gregory limo vitabuni na katika ramani. Wale 40 wa Mombasa, wangapi kati yetu twaweza kumtaja hata mmoja? Huenda babu wa mtu anayesoma hapa alikuwamo. Elimu ile ilitembea juu ya mabega yao kutoka pwani hadi Baringo na kurudi. Kwa hiyo tusiione kuwa ni ya wageni, wala ya watu wa bara. Ni yetu pia, na ililipiwa kwa jasho letu. Kuipuuza wakati twajenga nyumba za watoto wetu ni kuwavunjia heshima wazee wale mara ya pili.