Beryl Markham: Manzi wa Njoro aliyetesa kwa mbio za farasi Nairobi

Wasee wa Wendani, ukishuka Ngara na mathree halafu ukate kuelekea Kariokor, unajipata Racecourse Road. Farasi hakuna. Kuna mikokoteni, wachuuzi na makanga wakipiga nduru. Lakini jina halikutoka hewani. Upande huo wa Kariokor na Eastleigh ndiko mbio za farasi za Nairobi zilikuwa zinafanyika kabla zihamishiwe Ngong Road mwaka wa 1954. Kuna msee mmoja alishinda hapo kwa uwanja wa zamani, akashinda tena kwa ule mpya. Alikuwa dem.

Beryl alizaliwa Uingereza 1902, na akaletwa Kenya akiwa na miaka 4. Mathe yake aliboeka haraka akarudi kwao na kaka yake, akamwacha na buda yake, Charles Clutterbuck, aliyekuwa na shamba na farasi huko Njoro. Basi mtoto akalelewa na mbogi ya pale. Alikimbia na vijana wa Kikalenjin, akajifunza kurusha mkuki na kuongea Kiswahili. Rafiki yake wa damu alikuwa Kibii, ambaye akishakuwa mtu mzima aliitwa arap Ruta. Shule ya Nairobi ilimfukuza. Aliwahi pia kurukiwa na simba wa kufugwa kwa shamba la jirani mmoja Kabete, na akapona.

Halafu mambo yakaenda mrama. Ukame ulimaliza shamba, buda akafilisika, akaenda Peru kutafuta maisha. Beryl hakuwa amefika hata miaka 20. Alibaki na kitu kimoja tu anachokijua: farasi. Akatafuta leseni ya kuwafundisha, akaipata, mmoja wa wanawake wa kwanza Afrika kuishika. Arap Ruta alimtafuta wakaungana tena, na akawa mtu wake wa mkono wa kulia kwa mabanda.

Hapa ndipo stori inakuwa tamu. Kulingana na kitabu chake, wiki 12 kabla ya St Leger ya 1926, mwenye farasi wake kali zaidi alimnyang'anya akampa mwalimu mwingine, kisa eti yeye ni msichana mdogo. Akabaki na Wise Child, farasi jike wa miguu mibovu ambaye hakuna mtu angemwekea hata shilingi. Ilibidi amfanyishe mazoezi polepole, kano zisikatike. Siku ikafika, na Wise Child akashinda. Wale waliomcheka wakabaki kuangalia viatu.

Tuseme ukweli lakini: ule uwanja ulikuwa wa walowezi. Mwafrika alikuwa saisi. Anaamka ngware, anasugua farasi, anaotembeza, halafu kombe linachukuliwa na mtu mwingine. Jina la arap Ruta tunalijua kwa sababu Beryl aliliandika. Masaisi wengine wote wamepotea hivyo tu.

Baadaye alijifunza kuendesha ndege, na Septemba 1936 akavuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi, akaangukia kwa kinamasi huko Kanada baada ya kama saa 21. Dunia inamkumbuka kwa hiyo. Kitabu chake cha 1942 kilisifiwa na hata Hemingway, lakini hakikuuza vile.

Miaka ya 50 alirudi kwa farasi wake. Uwanja sasa ulikuwa Ngong Road, na aliutawala: alibeba Derby ya Kenya mara kadhaa na akawa mwalimu namba moja nchini. Katikati ya miaka ya 60 alienda Afrika Kusini, mambo hayakushika, akarudi. Uzeeni alisota mbaya, akiishi kwa kakeja karibu na uwanja, nyumba aliyopewa na Jockey Club. Wezi wakaingia huko wakampiga, mwanamke mzee. Ni 1983 tu ndipo kitabu kilichapishwa upya Marekani, kikauza, doh ikaanza kuingia.

Aliifurahia miaka 3 pekee. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, akiwa na miaka 83. Uwanja wa Ngong Road bado uko, mbio ni Jumapili, na mathree za Ngong zinapita nje ya geti.