Livingstone na mbuzi wanne
David Livingstone, daktari kutoka Scotland, alizaliwa mwaka 1813. Mwaka 1866 alifuata mto Ruvuma, huu uliotupa jina la mkoa wetu, akiwa na mbuzi wa maziwa. Desemba, magharibi ya Ziwa Nyasa, mbuzi wanne walipotea. Akabaki na uji mtupu, nao haukusagika vizuri tumboni. Hasara hiyo ilimuuma kuliko alivyodhani. Januari 1867 mpagazi alitoroka na sanduku la dawa. Alifariki 1873 kwa Chitambo, Zambia ya leo, akihara damu.

Mama, ukiambiwa kliniki uache maziwa kwa muda, uliza ule nini badala yake: dagaa, samaki, mboga za majani. Kiungulia kikisumbua, kula kidogo kidogo, na usilale mara tu baada ya kula.