Ramanujan: Karani wa Bandari Aliyeikosa Digrii Nyumbani Akaipata Ugenini

Matokeo ya mitihani yatokapo, nyumba nyingi hujaa furaha na nyingine huingia kimya. Yuko kijana ambaye hesabu zake ni za kupigiwa mfano, lakini masomo mengine yamemwangusha, na kwa sababu hiyo mlango wa chuo kikuu umefungwa mbele yake. Wazazi humlaumu kwa uvivu, na majirani husema hana bahati. Leo, msomaji, tunakuletea maisha ya mtu aliyefikwa na jambo hilo hilo tena na tena, kisha akaja kuhesabiwa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa hesabu waliopata kuishi duniani.

Mtu huyo ni Srinivasa Ramanujan. Alizaliwa tarehe 22 Desemba 1887 katika mji wa Erode, kusini mwa Bara Hindi, nyumbani kwa wazazi wa mama yake, akalelewa katika mji wa Kumbakonam. Baba yake alikuwa karani katika duka la kuuzia sari, na mama yake aliimba katika hekalu ili kuongeza senti mbili tatu za nyumbani. Walikuwa Wahindu wa tabaka la Brahmin, tabaka la juu kwa heshima, lakini heshima haijazi chungu.

Bara Hindi na elimu ya hesabu ni marafiki wa tangu kale. Tarakimu zile zile tunazoandikia leo asili yake ni huko, na aliyewafundisha watu wengi kuzitumia ni al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9, ambaye kitabu chake kingine ndicho kilichoipa aljebra jina lake. Kwa hiyo elimu hii ilikwisha kusafiri sana kabla ya kumrudia mtoto huyu wa Kumbakonam.

Shuleni Ramanujan aling'ara mapema. Wanafunzi wa chuo waliopanga nyumbani kwao walimfundisha hesabu walizozijua, na alipotimu miaka 11 hawakuwa na la kumwongezea. Mwaka 1903 aliazima kitabu cha Mwingereza mmoja, G. S. Carr, ambaye kazi yake ilikuwa kuwasomesha vijana waliojiandaa kwa mitihani. Kitabu hicho kilipanga maelfu ya kanuni za hesabu moja baada ya nyingine, nyingi bila ya kuonyesha kwa urefu zilivyothibitishwa. Kwa mwanafunzi mwingine kingekuwa kitabu cha kuchosha. Ramanujan alikigeuza uwanja wa kuchezea: kila kanuni aliitafutia njia yake mwenyewe, na akimaliza huvumbua nyingine ambazo Carr hakuziandika.

Karatasi ilikuwa ghali. Hivyo alifanya hesabu zake juu ya kibao kwa chaki, akifuta kwa kiwiko cha mkono mpaka kiwiko chenyewe kikawa cheusi. Aliyesoma chuoni kwa ubao wa kufutwa atalielewa jambo hili upesi. Jibu likishapatikana ndilo lililoandikwa daftarini. Njia ya kulifikia ilifutika pamoja na chaki. Tabia hiyo ilikuja kumgharimu, kama tutakavyoona.

Mwaka 1904 alimaliza shule ya sekondari akapewa tuzo ya hesabu, na kwa matokeo yake mema akapata msaada wa masomo katika chuo cha serikali cha Kumbakonam. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kijana aliyetaka digrii ya B.A. wakati ule, hata kama nia yake ilikuwa hesabu tupu, alilazimika kwanza kusoma miaka miwili na kufaulu mtihani ulioitwa F.A. Mtihani huo ulikuwa na Kiingereza, historia ya kale na elimu ya mwili wa binadamu, na kila somo lilitaka lifaulu. Ramanujan alikaa darasani wakati wa masomo hayo huku akili yake iko kwenye namba. Akaanguka Kiingereza, akanyang'anywa msaada wake, na wazazi hawakuwa na fedha za kumlipia. Mwaka 1905 alitoroka nyumbani bila ya kuaga, akaenda hadi Vizagapatam, mbali kaskazini, kabla ya kurudi.

Mwaka 1906 alijaribu tena, safari hii katika chuo cha Pachaiyappa mjini Madras. Akaugua, akakatiza masomo. Aliufanya mtihani wa F.A. na kufikia mwisho wa mwaka 1907 alikuwa amekwisha kuanguka tena. Hesabu alifaulu, lakini elimu ya mwili wa binadamu ilimshinda kabisa. Basi njia ya digrii ikafungwa, na pamoja nayo njia ya kazi ya maana, kwani katika Bara Hindi chini ya Waingereza cheti ndicho kilichokuwa ufunguo wa riziki.

Ilifuata miaka migumu. Mwaka 1909 mama yake alimwoza binti aitwaye Janaki, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 10 tu, kwa desturi za watu wao za zama hizo. Sasa alikuwa mume mtu, hana kazi wala cheti. Alizunguka na madaftari yake kwapani, akiwabishia hodi wakubwa. Mmoja wao alikuwa V. Ramaswamy Aiyer, ofisa wa serikali aliyeanzisha chama cha wanahesabu wa Bara Hindi. Ramanujan alimwomba ukarani. Aiyer alipoyafungua madaftari aliona ni dhambi kumzika kijana wa namna hii katika ofisi ya kodi, akampa barua za kumjulisha kwa wengine. Hatimaye R. Ramachandra Rao, mkuu wa wilaya ya Nellore, akakubali kumsaidia kwa fedha zake mwenyewe, na mwaka 1911 makala ya kwanza ya Ramanujan yakachapishwa katika jarida la chama kile.

Lakini mtu mwenye haya hapendi kula vya bure. Tarehe 1 Machi 1912 Ramanujan aliajiriwa kuwa karani wa hesabu katika Bandari ya Madras, kwa mshahara wa rupia 30 kwa mwezi, fedha ile ile iliyotumika pwani yetu mpaka mwaka 1920. Wasomaji wa Mombasa wanajua karani wa bandari ni nani: mtu wa vitabu vya mizigo na malipo, asiyetazamiwa na yeyote kuja kuwa mwanachuoni. Bahati yake ni kwamba mkubwa wake wa kazi, S. Narayana Iyer, alikuwa mpenzi wa hesabu, na jioni walikaa pamoja na vibao vyao wakifumbua mafumbo.

Kwa kutiwa moyo na watu hao, Ramanujan aliandika barua kwa wanachuoni wa Uingereza. Wengine hawakumsaidia. Tarehe 16 Januari 1913 alimwandikia G. H. Hardy wa chuo cha Trinity, Cambridge, akajieleza kuwa ni karani asiye na elimu ya chuo kikuu, na akaambatisha kurasa zilizojaa kanuni zake. Hardy mwanzoni alidhani ni mzaha wa tapeli. Usiku ule yeye na mwenzake J. E. Littlewood walizichambua zile kurasa kwa saa kadhaa. Nyingine walizijua, nyingine waliweza kuzithibitisha kwa taabu, na nyingine hawakupata kuona mfano wake. Waliridhika kuwa tapeli hawezi kubuni mambo kama hayo.

Habari hizo zikarudi Madras zikabadili kila kitu. Chuo kikuu kile kile ambacho mtihani wake ulimkataa kilimpa mwaka 1913 rupia 75 kwa mwezi afanye utafiti tu, ingawa hakuwa na digrii hata moja. Ilibaki safari ya Uingereza, na hapo palikuwa na kikwazo cha dini yake, kwani kwa Brahmin mwenye msimamo kuvuka bahari kulikuwa ni kujitia unajisi. Mama yake alikataa, kisha akaridhia. Tarehe 17 Machi 1914 Ramanujan akapanda meli, akimwacha mkewe nyuma.

Cambridge ilikuwa na njia yake ya digrii ya hesabu. Wanafunzi walifanya mtihani mkali uitwao Tripos, na mpaka mwaka 1909 majina ya waliofaulu vizuri zaidi yalitangazwa kwa kufuatana, wa kwanza mpaka wa mwisho, kama mashindano ya ngalawa. Hardy mwenyewe aliupitia, akauona unawafundisha vijana mbio badala ya elimu, akawa miongoni mwa waliopigania ubadilishwe. Hakutaka kumtumbukiza Ramanujan humo. Aliandikishwa kuwa mwanafunzi wa utafiti, na sharti la kuwa na cheti cha awali likaondolewa kwa ajili yake.

Hata hivyo, msomaji usidhani kwamba Ramanujan hakuwa na la kujifunza. Mengi aliyoyavumbua kwa taabu Kumbakonam yalikuwa yamekwisha kugunduliwa Ulaya miaka 100 na zaidi kabla yake, naye hakujua kwa kuwa hakuwa na vitabu wala mwalimu. Baya zaidi, baadhi ya kanuni zake hazikuwa za kweli. Kanuni yake ya kuhesabia namba zisizogawanyika, kama 2, 3, 5 na 7, ilionekana kusimama kila alipoijaribu, lakini ukienda mbele ilikuwa na kosa. Katika hesabu haitoshi jambo kuonekana kweli mara 1,000. Lazima lithibitishwe kuwa ni kweli daima. Huo ndio moyo wa masomo ya digrii ya hesabu, na ndio aliokosa kwa kukosa masomo hayo. Kazi ya Hardy ikawa kumfundisha kuthibitisha bila ya kukizima kipaji chake, na kazi hiyo ilitaka subira ya pande zote mbili.

Matunda yake yalikuwa makala marefu juu ya namba zenye vigawanyo vingi. Chukua 12. Yagawanyika kwa 1, 2, 3, 4, 6 na 12, vigawanyo sita, na hakuna namba iliyo chini yake yenye vigawanyo vingi hivyo. Ndivyo ilivyo pia 24 na 60, na pengine ndiyo sababu watu wa kale walizipenda katika kugawa siku na saa. Ramanujan alieleza namba za aina hii zimejengwa vipi na zinafuatanaje hata zikifika kwenye mamilioni. Kwa kazi hiyo, mwezi wa Machi 1916, Chuo Kikuu cha Cambridge kikamtunukia digrii ya B.A. Digrii aliyoikosa nyumbani kwa sababu ya Kiingereza na elimu ya mwili, aliipata ugenini kwa hesabu peke yake.

Lakini ugeni ulikuwa ukimla. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimeanza mwaka 1914. Ramanujan hakula nyama kabisa, na hakuamini jikoni la chuo, hivyo alijipikia mwenyewe chumbani, pengine usiku wa manane, na vita vikaifanya mboga kuwa adimu. Vijana wetu waliosoma Ulaya na kuhangaika kutafuta chakula cha halali watamhurumia. Baridi nayo ilimtesa. Mwanafunzi mwenzake kutoka Calcutta, P. C. Mahalanobis, alimkuta akilala juu ya mablanketi yaliyotandikwa kitandani, amejifunika koti na shali. Hakuna aliyekuwa amemwonyesha kwamba huingiwa chini yake.

Mwaka 1917 aliugua sana, na madaktari walidhani ni kifua kikuu. Heshima zilimfuata hospitalini. Mwaka 1918 alichaguliwa mwanachama wa Royal Society, kisha akawa Mhindi wa kwanza kuwa mwanachuoni wa Trinity. Siku moja Hardy alikwenda kumjulia hali kwa teksi yenye namba 1729, akaitaja kuwa namba isiyo na lolote. Mgonjwa alimkanusha pale pale: ndiyo namba ndogo kuliko zote inayopatikana kwa njia mbili kwa kujumlisha namba mbili zilizozidishwa kwa nafsi zao mara tatu. Jumlisha 1 na 1,728, au 729 na 1,000, nawe utaona.

Mwezi wa Machi 1919 alishuka Bombay, amekonda. Aliendelea kuandika hesabu kitandani, Janaki akimuuguza na kumkusanyia karatasi. Alifariki Madras tarehe 26 Aprili 1920, ana miaka 32. Jamaa zake wengi wenye msimamo wa dini hawakuhudhuria mazishi, kwa kuwa alivuka bahari na hakutakaswa. Janaki hakuzaa naye mtoto. Aliishi kwa ushonaji na pensheni ndogo mpaka mwaka 1994.

Karatasi zake za mwisho zilipotea machoni pa watu mpaka mwaka 1976, Mmarekani George Andrews alipozikuta katika maktaba ya Trinity. Wanahesabu walitumia miaka mingi kuyathibitisha yaliyomo katika madaftari yake, kazi ambayo chaki na kiwiko viliifuta. Tangu mwaka 2012 India huadhimisha tarehe 22 Desemba kuwa siku ya hesabu.

Wako wanaomtaja Ramanujan ili kusema digrii si kitu. Maisha yake hayasemi hivyo. Yeye mwenyewe aliitafuta mara tatu, na miaka aliyoipoteza kwa kukosa mwalimu hakurudishiwa na mtu. Lakini mtihani ulimpima kwa mizani moja na watu wote, na mizani hiyo haikuwa na jiwe la uzito wake. Aliyemwokoa ni mtu aliyekubali kuyafungua madaftari na kuyasoma kwanza, ndipo akauliza cheti. Katika nyumba zilizoingia kimya matokeo yatokapo, huenda lipo daftari la namna hiyo ambalo hakuna aliyelifungua.