John Kirk, shamba la Mbweni na mti wa kupanda Mwanda

Kila mvua za vuli zinapokaribia hapa Mwanda, swali huwa lile lile: mwaka huu tupande nini? Mimi nina kipande cha mteremko chini ya Vuria, na pembeni yake kuna chemchemi ambayo babu yangu alikunywa maji yake. Marehemu baba aliizungushia mikaratusi. Leo maji yanadondoka tone kwa tone. Lakini mikaratusi hiyo hiyo ndiyo iliyouzwa nguzo nikapata karo. Siwezi kuitukana.

Katika kuwaza hayo nimemkumbuka John Kirk. Wengi tulimsoma darasani kama balozi wa Uingereza aliyembana Sultani Barghash mpaka akatia saini mkataba wa 1873, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Ni kweli, na ni kweli pia kwamba alisaidia kuifungulia njia serikali yake itutawale. Lakini kabla ya siasa, Kirk alikuwa mtu wa mimea.

Alizaliwa Scotland mwaka 1832, akasomea udaktari Edinburgh. Kuanzia 1858 alisafiri na Livingstone katika Mto Zambezi, akiwa daktari na mkusanyaji wa mimea. Mwaka 1866 alifika Unguja, akakaa miaka ishirini hivi. Pale Mbweni alikuwa na nyumba na shamba kando ya bahari, akajaribu humo mimea ya nchi za mbali, huku akipelekeana mbegu na miche na bustani ya Kew, London.

Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja. Mikarafuu ililala chini kwa maelfu. Mkarafuu si mti wetu wa asili. Ulitoka visiwa vya Maluku, ukapandwa kwa wingi enzi za Seyyid Said mpaka uchumi wa kisiwa ukaegemea mti mmoja. Ulipoanguka, watu walianguka nao. Pemba ilinusurika, ndiyo maana jina la karafuu likahamia huko.

Kirk aliipenda miti ya kigeni, lakini hakuidharau ya hapa. Alichunguza sandarusi iliyochimbwa ardhini, akaonyesha kwamba ilitoka kwa mti ule ule wa msandarusi ambao bado unaota mwambao. Alitangaza pia thamani ya mmea wa mpira wa porini, ambao wataalamu waliuita kwa jina lake. Biashara ikashamiri, na tamaa nayo. Mapori mengi yakakatwa ovyo. Jina lake limebaki pia kwa kima punju wa Unguja, na kwa digidigi tunaowaona nyikani tukiteremka Voi.

Kuna jambo moja linalotugusa sisi Wataita. Mwaka 1884 Kirk alipeleka Kew ua dogo la zambarau la pwani hii, lakini halikutambuliwa. Miaka michache baadaye Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipata upande wa Usambara, na mwaka 1893 likapewa jina lake. Leo jamii ya ua hilo imejaa madirishani Ulaya na Marekani. Ndugu yake mmoja anaota porini Mbololo tu, hapa kwetu, chini ya kivuli cha msitu wa asili. Chini ya mkaratusi hutamwona.

Kirk alifariki Uingereza mwaka 1922. Nikiyatazama maisha yake, sioni kosa katika kupanda mti mgeni. Kosa ni kuuweka mahali pasipo pake, au kuuachia nchi nzima.

Milima yetu ni visiwa pia, ila bahari yake ni nyika ya Tsavo. Msitu wa asili umebaki vipande: Ngangao, Chawia, Mbololo, na kidogo pale Vuria. Ndege anayeishi humo akikosa msitu hana pa kuhamia.

Ndugu yangu mdogo ameniuliza, watoto wake watasoma kwa nini nikikata mikaratusi? Ana haki. Tumekubaliana hivi: ya juu, mbali na maji, ibaki iuzwe kwa zamu. Iliyozunguka chemchemi itoke, na mahali pake tupande mkuyu na mshai. Mparachichi ukae shambani, karibu na jikoni.

Mkuyu hautamlipia mtoto karo. Lakini bila maji, hata huyo mparachichi hautatulipa.