Epictetus na Taa Yake

Mwaka huu nawaletea habari za mtu aliyeaga dunia yapata miaka 1,900 iliyopita, na ambaye aliwahi kuibiwa taa.

Epictetus alizaliwa karibu mwaka wa 50 Baada ya Kristo, mjini Hierapolis, katika nchi tunayoiita Uturuki siku hizi. Alikuwa mtumwa, tena kiwete. Bwana wake alikuwa karani wa Kaisari Nero huko Roma. Akiwa bado mtumwa alisoma kwa Musonius Rufus, na baadaye akapata uhuru. Kaisari Domitian alipowafukuza wanafalsafa, alihamia Nicopolis, Ugiriki, akafungua shule.

Fundisho lake ni rahisi kusema, kulitenda ndiyo kazi. Yako mambo yaliyo mikononi mwetu, kama vile nia na maamuzi yetu. Mengine hayamo: mwili, mali, cheo, maneno ya watu. Kwani mguu wake ungenyooka kwa kulalamika? Lakini wanafunzi wavivu hakuwabembeleza. Aliwaambia kwamba kondoo hamletei mchungaji majani ili aone alivyokula. Humpa sufu na maziwa. Hapo, jamani, niliwakumbuka wale wanaokariri methali mia moja za insha na nyumbani hawaoshi hata sahani!

Sasa ile taa. Ilikuwa ya chuma. Usiku mmoja alisikia kishindo dirishani, akashuka mbio, akakuta imekwenda. Hakumlaani mtu. Aliamua kununua ya udongo, akasema mwizi alimshinda kwa kukesha tu, ila ameinunua taa ile ghali mno, maana ameilipia kwa uaminifu wake. Mimi hapo nasita kidogo: mwizi ni mwizi, ashikwe! Lakini sisi wa shule ya kutwa tunaosomea koroboi stima ikipotea tunaelewa. Laani giza utakavyo, mwalimu ataziuliza hesabu zake asubuhi.

Yeye mwenyewe hakuandika kitabu. Mwanafunzi wake Arrian ndiye aliyeyaandika masomo yake. Uzeeni alimchukua mtoto wa rafiki yake aliyekuwa karibu kutupwa, akamlea.

Alipokufa, mwandishi Lucian asimulia, tajiri mmoja aliinunua ile taa ya udongo kwa drakma 3,000, akitumaini kwamba akisoma kwa mwanga wake usiku, hekima ya mzee itamjia usingizini.